Sikio lililoziba wakati wa mafua: tiba yake huanzia puani

Mafua yakimkaa mtu siku mbili tatu, mara nyingi sikio moja au yote mawili huziba. Sauti za watu humfikia kana kwamba wako chumba cha pili, sauti yake mwenyewe humvumia kichwani, na kila akimeza mate husikia mlio mdogo ndani ya sikio. Hapa Bukavu, ambako mvua huanza Septemba na watu hukaa wengi katika vyumba vilivyofungwa, hali hii hupita nyumba kwa nyumba, na jambo la kwanza ambalo wengi hufanya ni kutia kitu sikioni: mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, maji ya kitunguu, unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, au matone yaliyobaki katika chupa ya mgonjwa mwingine wa nyumbani. Ninaandika mwongozo huu kwa sababu vitu hivyo havifiki mahali palipoziba, na baadhi yake hugeuza shida ya wiki moja kuwa ugonjwa wa miaka. Sikio lililozibwa na mafua lina mlango wake nyuma ya pua, na huko ndiko kazi inakoanzia.

Kinachoziba ni nini

Nyuma ya ngoma ya sikio pana chumba kidogo chenye hewa, kiitwacho sikio la kati. Chumba hicho hupata hewa kwa njia moja tu, yaani mrija mwembamba unaoteremka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Mrija huo umepewa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16, na kwa mtu mzima urefu wake ni karibu milimita 35. Muda mwingi huwa umefungwa. Hufunguka kwa kitambo kidogo sana tunapomeza au kupiga miayo, kwa kuwa misuli ya kaakaa huvuta ukuta wake, na hapo hewa ya ndani na ya nje husawazishwa.

Utando unaofunika ndani ya pua ndio huohuo unaoendelea hadi ndani ya mrija, kwa hiyo virusi vya mafua vinapouvimbisha upande mmoja, upande wa pili nao huvimba. Mrija ukishindwa kufunguka, hewa iliyobaki katika sikio la kati hufyonzwa polepole na mwili, msukumo wa ndani hupungua kuliko wa nje, na ngoma ya sikio huvutwa kuelekea ndani. Ngoma iliyovutwa hivyo haitetemeki vizuri, ndiyo maana usikivu hufifia na mtu huhisi sikio limejaa. Hali hiyo ikiendelea kwa siku kadhaa, majimaji hujikusanya katika chumba hicho, na mgonjwa anaweza kuyahisi yakisogea anapoinamisha kichwa.

Ngoma ya sikio iliyo nzima haina tundu. Mafuta, maji au dawa yoyote inayotiwa kutoka nje hukomea kwenye ngoma hiyo, wakati kizuizi kipo upande wa pili. Na ikiwa ngoma imetoboka bila mgonjwa kujua, mafuta yatapita hadi ndani, pamoja na vijidudu vyake, mahali ambapo hayapaswi kufika kamwe.

Hakikisha kwamba ni mafua

Kabla ya kuanza tiba yoyote, chunguza jinsi sikio lilivyoziba. Lililozibwa na mafua huziba wakati pua nayo imeziba au inatiririka, huwa linabadilika-badilika katika siku moja, na pengine hufunguka kidogo ukimeza halafu likarudi. Lililozibwa na nta huziba mara nyingi baada ya kuoga au kuogelea ziwani, kwa sababu nta hunyonya maji na kuvimba, na pua huwa haina tatizo lolote. Nta hutolewa na mhudumu wa afya anayeona anachokifanya. Kijiti chenye pamba huisukuma tu ndani zaidi.

Kuna jaribio moja la nyumbani ninalopenda kila mtu alijue. Funga midomo, kisha uvume kwa sauti nzito, «mmm», kwa muda wa pumzi moja, ukisikiliza ni sikio lipi linaloipokea sauti hiyo kwa nguvu zaidi. Ikiwa sikio moja limezibwa na mafua au nta, sauti kwa kawaida husikika zaidi upande huohuo ulioziba. Ikiwa sauti inakimbilia upande mzima, na sikio baya ni kama limekufa, hasa kama usikivu ulipotea ghafla ndani ya saa chache au ulipoamka asubuhi, basi huenda tatizo liko kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia. Hilo ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa zake husaidia zaidi katika siku za mwanzo, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo matumaini yanavyopungua. Jaribio hili halichukui nafasi ya vipimo vya daktari, lakini linaweza kumzuia mtu asikae nyumbani akingoja mafua yaishe wakati sikio lake linapotea.

Jambo jingine la kwetu: anayetibiwa malaria kwa kinini anaweza kusikia mlio masikioni na usikivu wake kupungua, kwa sababu ya dawa yenyewe. Mtu huyo asidhani ni mafua tu. Amweleze aliyempa dawa hiyo. Vilevile homa haipaswi kuhesabiwa kuwa ya mafua kabla malaria haijapimwa, hata kama pua inatiririka.

Kusafisha pua

Hii ndiyo kazi kubwa, nayo haihitaji fedha nyingi. Chukua nusu lita ya maji, uyachemshe kwa dakika chache, kisha uyaache yapoe katika chombo kilichofunikwa hadi yawe vuguvugu. Tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa juu bila kurundikwa, na ukoroge hadi iyeyuke yote. Chumvi ikiwa kidogo mno au nyingi mno, pua itawasha. Kiasi hicho kinakaribia chumvi iliyo katika maji ya mwili, ndiyo maana utando wa pua huyapokea bila kuudhika. Yasitumiwe maji ya bomba au ya ziwa ambayo hayajachemshwa, kwa kuwa pua haina kinga ileile ya tumbo, na yatakayobaki yamwagwe baada ya siku moja.

Inama juu ya beseni, geuza kichwa kidogo upande mmoja, na kwa bomba la sindano lililo jipya na lisilo na sindano, mimina maji hayo polepole katika tundu la juu la pua huku ukipumua kwa mdomo. Yataingia nyuma na kutokea tundu la pili au mdomoni. Usiyasukume kwa nguvu, na kama pua imeziba kabisa pande zote, tumia kwanza matone machache, ngoja dakika tano, ndipo umimine. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku, na mara moja ya hizo iwe kabla ya kulala. Asiyetaka kutengeneza maji haya nyumbani anaweza kununua katika farmasi vichupa vidogo vya maji ya chumvi yaliyotayarishwa, ambavyo pia ndivyo vinavyofaa zaidi kwa mtoto mchanga: matone mawili au matatu katika kila tundu kabla ya kunyonya.

Kupenga kamasi nako kuna namna yake. Wengi wetu hubana matundu yote mawili na kupuliza kwa nguvu zote, na msukumo huo hupeleka kamasi na vijidudu juu ya mrija hadi katika sikio la kati. Ziba tundu moja kwa kidole, puliza kwa upole kupitia jingine, halafu ubadilishe. Mtoto asiyejua kupenga afundishwe kwanza kupuliza kipande cha karatasi kwa pua akiwa amefunga mdomo. Atalipokea kama mchezo.

Kuhusu kujifukiza majani ya mikaratusi, ambayo hayakosekani katika vilima vyetu, naomba tuwe waangalifu. Mvuke hulainisha kamasi na harufu yake humfanya mtu ahisi pua imefunguka, ingawa uvimbe wenyewe haupungui sana. Mtu mzima anaweza kufaidika, mradi sufuria ishushwe kwanza kutoka kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, na kuwekwa mahali pasipotikisika. Mtoto asifunikwe blanketi juu ya sufuria kamwe. Hapa kwetu juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, pungufu kidogo kuliko pwani, lakini hizo zinatosha kabisa kumwunguza mtoto uso na kifua, na hakuna sikio lililoziba linalostahili hatari hiyo. Mtoto hukaa tu katika chumba ambamo hakuna moshi. Makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyofungwa, pamoja na sigara ya mkubwa yeyote, huudhi utando uleule tunaojaribu kuutuliza. Mbabula itolewe nje, hata mvua inaponyesha, chini ya paa la baraza.

Kuufungua mrija

Pua ikishasafishwa, mrija unaweza kusaidiwa kufunguka. Njia iliyo salama kuliko zote ni kumeza mara nyingi. Kunywa maji au chai ya vuguvugu kwa mafunda madogomadogo, piga miayo hata kama ni ya kujilazimisha, au tafuna kitu kinachotoa mate kwa muda mrefu. Kipande cha muwa hufanya kazi hii vizuri sana kwa mtu mzima na mtoto mkubwa, kwani hutafunwa na kumezwa maji yake bila kukoma. Shingamu nayo hufaa.

Njia ya pili ni kubana pua kwa vidole na kumeza ukiwa umefunga mdomo. Hujulikana kwa jina la Joseph Toynbee, daktari wa masikio wa Uingereza wa karne ya 19. Kunywa funda la maji huku pua imebanwa hurahisisha. Rudia mara chache, kisha pumzika.

Ya tatu ndiyo wanayoijua wengi: kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza hewa kuelekea masikioni. Hii inahitaji kiasi. Puliza kwa upole, kana kwamba unajaza mashavu, na uache mara tu usikiapo mlio au baada ya sekunde mbili. Usiifanye kabisa kama kamasi ni nzito ya kijani au njano, kama sikio linauma, au kama una homa, kwa sababu utakuwa unasukuma uchafu mahali palipokuwa safi. Na kwa vyovyote usiifanye kabla ya kusafisha pua. Nimeona watu wakiirudia kwa hasira hadi kizunguzungu kikawashika, wakiamini kwamba nguvu ndiyo iliyopungua. Nguvu nyingi huweza kuidhuru ngoma ya sikio na hata sikio la ndani.

Usiku, lala kichwa kikiwa juu kidogo kwa mito miwili, na sikio lililoziba lielekee juu. Kulala bila mto huongeza damu katika utando wa pua, ndiyo maana asubuhi sikio huwa baya zaidi kuliko mchana. Kuziba sikio kwa pamba ili kulikinga na upepo wa pikipiki hakuleti madhara likiwa kavu, lakini pia hakuponyi chochote.

Dawa za farmasi

Ukiingia farmasi na kusema tu kwamba sikio limeziba, mara nyingi utapewa matone ya sikio, na mara nyingine antibiotiki juu yake. Uliza kwa heshima, «Papa, hii dawa inafanya nini katika mafua?» Antibiotiki haiui virusi. Matone ya sikio hayapiti ngoma, na yale yenye jentamisini yanaweza kuharibu usikivu yakipita kwenye ngoma iliyotoboka. Ndiyo sababu hayapaswi kutumiwa kabla mtu hajatazama ndani ya sikio.

Matone au dawa ya kupuliza puani yenye ksilometazolini au oksimetazolini hupunguza uvimbe kwa saa kadhaa, na yanaweza kumsaidia mtu mzima. Yasitumiwe zaidi ya siku tano, na bora ziwe tatu, kwa kuwa pua huyazoea haraka na kuziba upya kila yanapoachwa. Mwenye shinikizo la damu, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito na mtoto wasiyatumie bila agizo la daktari.

Kwa maumivu, parasetamoli inatosha. Mtu mzima humeza miligramu 500 hadi 1,000, hairudii kabla ya saa sita kupita, na hapiti gramu 4 katika saa 24. Mtoto hupewa kulingana na uzito wake, miligramu 15 kwa kila kilo kila baada ya saa sita, kwa hiyo mwenye kilo 10 hupata miligramu 150 kwa mara moja. Soma paketi za vidonge vya mafua kabla ya kuvichanganya, kwani vingi vina parasetamoli ndani yake tayari. Aspirini isipewe mtoto mwenye mafua, kwa sababu inaweza kuleta ugonjwa adimu lakini mbaya sana wa ini na ubongo.

Ukiwa na safari ya kuteremka

Kwa wakazi wa Bukavu hili lina uzito wa pekee. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ziwa Tanganyika, ambako Uvira iko, lina karibu mita 770. Anayesafiri kwa barabara hupoteza sehemu kubwa ya tofauti hiyo kwa muda mfupi, katika kona za Ngomo kabla ya kufika Kamanyola. Mtu mzima asiye na mafua humeza mate na masikio hufunguka yenyewe. Mwenye mafua hupata shida kubwa, kwa kuwa msukumo wa hewa ya nje huongezeka kadiri gari linavyoteremka, nao huubana mrija uliovimba badala ya kuufungua. Maumivu yanaweza kuwa makali, na mara nyingine damu hujikusanya nyuma ya ngoma. Kupanda kurudi Bukavu ni rahisi zaidi, kwani hewa iliyo ndani hujitokea yenyewe.

Ikiwa safari inaweza kuahirishwa hadi pua ifunguke, iahirishwe. Isipowezekana, safisha pua kwa maji ya chumvi kabla ya kutoka nyumbani, na mtu mzima anayeruhusiwa atumie dawa ya kupuliza puani nusu saa hadi saa moja kabla ya mteremko kuanza. Anza kumeza na kutafuna ungali juu. Mrija uliokwisha kubanwa kwa nguvu hauwezi kufunguliwa kwa urahisi, na anayengoja maumivu yaanze amechelewa. Usilale katika gari wakati huo, kwa sababu aliyelala humeza mara chache sana. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kuteremka. Ukihisi sikio linakaza, mwombe dereva asimame dakika chache, umeze na kubana pua kama nilivyoeleza, kabla gari halijateremka zaidi.

Ndege inapotua huleta tatizo lilelile kwa haraka zaidi, na anayetua Kinshasa kutoka kwetu hushuka hadi mita 300 hivi. Safari ya meli kati ya Bukavu na Goma haisumbui sikio, kwani ziwa halina mteremko.

Watoto, na dalili zisizongojewa

Mrija wa mtoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo vijidudu huupita kirahisi, na mafua ya kawaida yanaweza kugeuka kuwa maambukizi ya sikio la kati katika siku chache. Mtoto mdogo hasemi kwamba sikio limeziba. Hulia usiku akilazwa, hukataa kunyonya, huvuta sikio, au haitiki akiitwa. Anyonyeshwe kichwa kikiwa juu, na asiachiwe chupa ya maziwa akiwa amelala chali. Chanjo dhidi ya pneumokoki, ambayo watoto wa Kongo hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, hukinga sehemu ya maambukizi haya pamoja na nimonia, na mama asiikose kwa sababu ya kamasi nyepesi tu.

Usingoje nyumbani kama maumivu ni makali au yanazidi baada ya siku mbili, kama kuna homa kali, kama mtoto ana umri chini ya miezi sita, au kama usaha au damu inatoka. Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, hasa ukiwa unalisukuma sikio mbele, ni wa kwenda hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo uso uliolegea upande mmoja, shingo iliyokakamaa, kizunguzungu kikali kinachofanya vitu vizunguke, na usikivu uliopotea ghafla.

Sikio likitoa usaha, likaushwe wakati mgonjwa akisubiri kuonwa. Sokota kipande cha kitambaa safi kinachonyonya maji kiwe utambi, kiingize kidogo katika tundu la sikio, kiache hadi kilowe, kitoe, uweke kingine, hadi kitoke kikavu. Rudia mara tatu kwa siku. Utambi hutupwa baada ya kutumika, sikio halitiwi maji, na mgonjwa haogelei.

Bila dalili hizo, sikio hufunguka mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili, ingawa linaweza kuchelewa siku kadhaa baada ya pua kupona, kwa kuwa majimaji hukauka polepole. Kwa mtoto yanaweza kubaki hadi miezi mitatu, na mwalimu wake aambiwe amketishe mbele darasani katika kipindi hicho. Mtu mzima ambaye sikio lake moja limeziba zaidi ya wiki tatu, na hasa kama hakuwa na mafua yoyote, amwone daktari wa masikio, pua na koo (ORL), kwa sababu kuna uvimbe wa nyuma ya pua ambao huanza kwa dalili hiyo tu.

Ukifika kituo cha afya, taja siku sikio lilipoziba, kama ni moja au yote, na kama lilikuja pamoja na pua. Beba paketi za dawa zote ulizotumia, pamoja na za malaria na kifua kikuu. Na useme wazi kama ulitia mafuta au kitu kingine sikioni. Mwombe mhudumu atazame ngoma kwa kifaa chake chenye taa kabla ya kuandika dawa. Kama kituo hakina kifaa hicho, omba barua ya kupelekwa penye nacho.